WALAWI WA MIAKA HAMSINI



Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 8, tangu mstari wa 23 hata wa 26, imo amri fupi ambayo wengi wetu huipita upesi tukitafuta habari nyingine. Bwana anamwambia Musa kwamba Mlawi ataingia katika utumishi wa hema akiwa na miaka 25, na akitimiza miaka 50 ataiacha kazi ile. Mimi sijaona mahali pengine katika Biblia palipoandikwa sheria ya kustaafu.

Kwa nini miaka 50? Rudini nyuma kidogo, sura ya 7. Wana wa Gershoni walipewa magari mawili na ng'ombe wanne, kwa kazi yao ya kuchukua mapazia. Wana wa Merari, wenye mbao na nguzo, walipewa magari manne na ng'ombe wanane. Lakini wana wa Kohathi hawakupewa hata gari moja, kwa sababu vyombo vitakatifu vilichukuliwa mabegani. Basi bega la mtu wa miaka 50 si bega la kijana wa miaka 25, na jangwani safari ilikuwa ndefu. Mungu aliwahurumia watu wake, akawatua mzigo.

Lakini amri haikuishia hapo. Yule Mlawi aliyetua mzigo hakuambiwa aende zake. Aliambiwa akae pamoja na ndugu zake hemani, ashike ulinzi, ila ile kazi ya kubeba asiifanye tena. Hapo pana mambo mawili, nami nakiri kwamba nilipostaafu nilikosea yote mawili.

Hapa kwetu mtumishi wa serikali hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na miaka 60. Mimi nilifundisha shule ya msingi mpaka siku ya mwisho ya lazima. Tena nilifanyiwa sherehe, nikapewa kiti cha uvivu na mbuzi. Kesho yake nikaamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, nikavaa viatu, ndipo nikakumbuka kwamba sina pa kwenda. Nikaenda shuleni hata hivyo. Nikawa napita huko karibu kila siku, eti nasalimia. Nikikuta kabati limehamishwa, moyo unaniuma kama mtu aliyefiwa. Nikawa nawaeleza walimu vijana jinsi sisi tulivyokuwa tukifanya. Hawakunijibu vibaya hata mara moja. Siku moja tu mmoja wao, niliyemfundisha mwenyewe kusoma, akaniambia, "Shikamoo, Mwalimu. Leo tena?" Nikaitikia marahaba, nikarudi nyumbani polepole. Nilikuwa nimetua mzigo huku nimeshikilia mti wa kuubebea, nikiwazuia wenye mabega wasipite.

Kosa la pili lilikuwa la fedha. Mafao ya mkupuo yalipoingia, nilitafuta kazi ya kijana kwa mwili wa mzee. Nikanunua haisi iliyokwisha kutumika ili ibebe abiria kati ya Musoma na Bunda. Niliyemwuzia sura yangu ya ustaafu simtaji. Kosa lilikuwa langu, sikumpeleka fundi akaitazame. Ilikwenda miezi minne. Sasa iko juu ya mawe nyuma ya nyumba, na kuku wanataga humo. Mke wangu husema ndilo banda la kuku la bei kubwa kuliko yote katika Mkoa wa Mara.

Katika siku zile za uchungu nilikwenda Butiama, kwa maana si mbali na hapa, nikafika Mwitongo alikozikwa Mwalimu Julius Nyerere. Nilikuwa nimewapeleka wanafunzi huko mara nyingi, nikiwaeleza habari za Uhuru na Azimio la Arusha. Safari hii nilikwenda peke yangu, nikiwaza miaka yake 14 ya mwisho.

Mwalimu alitoka katika urais mwezi wa Novemba 1985, akiwa na miaka 63. Tuseme kweli, naye hakutua mizigo yote siku moja. Uenyekiti wa chama aliushika mpaka 1990. Lakini alirudi kijijini, akalima. Kuanzia 1987 mpaka 1990 aliongoza Tume ya Kusini, iliyotazama hali ya nchi maskini. Tangu 1996 alisuluhisha mazungumzo ya Warundi, na kazi hiyo ilikuwa bado mikononi mwake alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Watu wakisifu ustaafu wake husifu mambo hayo, nayo yanastahili.

Mimi lililonigusa ni jingine. Mwaka 1996 zilichapishwa na wamisionari wa Ndanda na Peramiho tenzi zake za Injili zote nne pamoja na Matendo ya Mitume. Kila aliyesoma mashairi shuleni anajua kwamba mstari wa utenzi una mizani nane, na vina vyake havikubali uvivu. Sasa chukueni Injili ya Luka peke yake, sura 24, muipange yote hivyo, ubeti baada ya ubeti. Ni asubuhi ngapi hizo? Hakuna aliyemwamuru, wala haikuwa kazi ya kupigiwa makofi uwanjani. Yeye alikuwa Mkatoliki, si wa kanisa letu, lakini Injili ni ile ile. Alikuwa amekwisha kutua nchi nzima kutoka mabegani, akakaa na ndugu zake akashika ulinzi wa Neno kwa kalamu. Nikasema moyoni, huyu ni Mlawi wa miaka 50.

Najua mtakalosema: huyo alikuwa Mwalimu, sisi je? Basi nitawaeleza la kwangu, ambalo ni dogo, tena lina aibu ndani yake.

Mjukuu wangu alimaliza shule akakosa kazi. Akaniambia, "Babu, tufungue duka la mtandaoni. Tuuze dagaa." Nikamwuliza duka hilo mlango wake uko wapi. Akacheka, akanionyesha simu. Dagaa tunawapata pale mwaloni Mwigobero, na watu wetu wamesambaa Dodoma, Arusha na Dar es Salaam, wote wanawatamani. Nikakubali. Yeye akatafuta picha nzuri ya dagaa weupe, wanang'aa kama sindano, akaibandika. Picha ile haikuwa ya dagaa wetu. Mimi niliiona, nikajua, nikanyamaza.

Mama mmoja wa Arusha alinunua kilo tano. Mzigo ulipofika alituandikia hivi: "Shikamoo, Mwalimu. Hawa ndio dagaa wa kwenye picha?" Walikuwa wameanikwa chini, wamejaa mchanga. Usiku ule sikulala. Mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimesimama kanisani nikahubiri juu ya Amosi sura ya 8, habari za wale waliongoja Sabato ipite ili wapunguze kipimo na kuongeza bei. Niliwakemea kwa sauti kubwa. Na sasa kipimo cha udanganyifu kilikuwa mfukoni mwangu, ndani ya simu.

Asubuhi tukamrudishia yule mama fedha zake zote pamoja na nauli ya mzigo. Kisha nikamkalisha mjukuu wangu, tukalijenga duka upya. Yeye alitaka rangi nyingi na muziki. Nikamwambia duka ni kama ubao wa darasani: mtoto aliyekaa nyuma kabisa lazima aweze kusoma. Mnunuzi ataka kujua ni kitu gani, uzito gani, bei gani pamoja na nauli, kitafika lini, na asiporidhika nani atamjibu. Mengine yote ni mapambo. Picha tunapiga wenyewe, siku ile ile, ya mzigo ule ule. Tunanunua dagaa walioanikwa kwenye chanja tu, nao hupimwa baada ya kupepetwa. Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa taa hupata kidogo na bei hupanda. Tunaliandika hilo wazi, tusidhaniwe kuwa tunalangua. Mvua ikinyesha siku nyingi na dagaa wasikauke, tunaandika kwamba leo hatuuzi. Hilo lilimwumiza kijana sana hapo mwanzo, maana aliona kama tunawafukuza wateja mlangoni.

Tazameni jinsi kazi ilivyogawanyika. Magunia anabeba yeye, mpaka stendi ya mabasi. Mimi ninasimama penye mizani na ninajibu simu. Mnunuzi aliye mbali hawezi kushika dagaa mkononi wala kumnusa. Anashika neno letu tu. Hapo ndipo mzee ana faida, akikubali kuwa mlinzi. Yupo na mama mmoja pale Bunda, muuguzi mstaafu, anayewasomea wazee maandishi ya kwenye pakiti za dawa zao, na kuwakumbusha saa ya kumeza. Sindano hachomi tena. Ana, binti Fanueli, alikuwa mjane wa miaka 84, wala Luka hamtaji kwa cheo chochote cha hekaluni. Lakini Mtoto alipoletwa, alikuwapo.

Faida ya duka letu si kubwa. Inatosha sukari, umeme na sadaka, na kijana ameanza kuweka akiba. Haisi ingali juu ya mawe. Shuleni nimekwenda mara mbili tu mwaka huu, na mara zote mbili niliitwa.

Yule mama wa Arusha alikaa miezi mitatu kimya. Kisha akaagiza kilo mbili. Juzi ameagiza kumi, za kugawana na akina mama wenzake wa Umoja wa Mama.

Wastaafu wa mtaa wetu tutakutana kila Alhamisi saa nne asubuhi, barazani pa kanisa. Wenye simu wasizojua kuzitumia wazilete. Mjukuu wangu atakuwapo. Na mwenye mizani ya biashara nyumbani kwake ailete pia, tuipime kwa jiwe la kilo moja mbele ya watu wote. Ya kwangu itatangulia.