Dhamana ya Bati na Deni la Fundi

Anunuaye mabati ya rangi mara nyingi hupewa karatasi ya dhamana ya miaka kadhaa. Huikunja, akaitia sandukuni pamoja na stakabadhi (naye afanya vema, maana pasipo stakabadhi madai ni magumu), akaamini ya kuwa paa lake lina mlinzi.

Hebu aisome. Kwa kawaida kiwanda huahidi juu ya bati lenyewe tu: kwamba halitatoboka kwa kutu, wala rangi haitabanduka, kabla ya muda uliotajwa. Nyumba zilizo karibu na bahari mara nyingi huachwa nje kwa sababu ya chumvi. Na msumari uliopigwa bondeni mwa bati badala ya mgongoni, au rangi iliyounguzwa na cheche za mashine ya kukatia, hayo ni ya fundi. Kiwanda hakiyajibu.

Basi dari ikilowa, nani atajibu? Wako wasemao kwamba asiyetia sahihi hadaiwi. Mimi sikubali. Fundi alipopokea ujira alijua kuwa mwenye nyumba hatapanda juu kukagua kila msumari. Kazi isiyokaguliwa humfunga mtu zaidi, wala haimfungui. Lakini ikiwa mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyeshikilia geji 32, bati jembamba kuliko la geji 28, akakataa shauri la fundi, hasara ya wembamba huo ni yake.

Kama ni msumari tu, fundi na apande tena, bila malipo, kabla ya masika.