Mali Isiyo na Amana: Mazingatio ya Yaliyowapata Watu wa Albania

Sifa njema zote ni za Mwenyiezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baad:

Iko mas-ala ambayo watu huulizana barazani na madukani, nayo ni hii: mtu aliyeliwa mali yake kwa hila, hali ya kuwa aliitoa kwa mkono wake mwenyewe kwa kutumai faida asiyoifanyia kazi, je, mtu huyo ni mdhulumiwa, au ni mshirika wa dhulma? Na yule aliyewahi kutoka na faida yake kabla mambo hayajaharibika, je, faida ile ni riziki yake, au ni mali ya watu iliyomo mkononi mwake?

Jawabu ya haraka haifai hapa. Bora kwanza itazamwe khabari ya taifa zima lililofikwa na jambo hili, nao ni watu wa Albania, katika mwaka 1996 na 1997. Wengi wao ni watu wa ukoo wa Kiislamu, na msiba wao haukuletwa na ufukara peke yake.

Albania ni nchi ndogo ya Ulaya, jirani ya Ugiriki, mkabala wa Italia, na bahari ikiwa baina yao. Uislamu ulienea huko zama za dola ya Uthmaniya. Mwaka 1944 Makomunisti wakashika hukumu, na mkubwa wao Enver Hoxha akatawala mpaka alipokufa mwaka 1985. Utawala huo ulitwaa mashamba, ukatwaa viwanda na maduka, hata mkulima akawa hana shamba lake wala fundi hana karakana yake. Khalafu mwaka 1967 misikiti na makanisa yote yakafungwa. Mengine yakavunjwa, na mengine yakageuzwa maghala na nyumba za michezo. Na katiba ya mwaka 1976 ikaandika yakuwa dola haitambui dini yoyote. Haikuwa mpaka Novemba 1990 ndipo watu wa mji wa Shkodra walipokusanyika tena msikitini kwa Sala ya Ijumaa, wakisalishwa na Hafidh Sabri Koçi, mzee aliyekaa kifungoni miaka mingi kwa ajili ya dini yake.

Na azingatie mwenye akili maana ya miaka hiyo. Mtu aliyezaliwa mwaka 1960 alikuwa na miaka 7 misikiti ilipofungwa, na 30 ilipofunguliwa. Katika umri huo wote hakupata kununua na kuuza mali yake mwenyewe, hata akajua soko lilivyo; wala hakupata kukaa mbele ya mwalimu, hata akafundishwa riba ni nini, na gharari ni nini, na ushirika wa halali huwaje. Waalimu wawili walikuwa wameondolewa katika nchi: soko, linalomfundisha mtu kwa khasara ndogo ndogo asije akaingia katika khasara kubwa, na chuo, kinachomfundisha mipaka. Kisha mlango ukafunguliwa kwa ghafla, na watu wakaambiwa: nendeni mkachume.

Mwaka 1991 mashamba ya jumuiya yakaanza kugawiwa wakulima, na mwaka 1992 Makomunisti wakashindwa katika uchaguzi. Lakini viwanda vya zamani vikasimama, na kazi zikatoweka. Watu wakakimbia kwa maelfu. Mwezi wa Agosti 1991 meli moja iitwayo Vlora iliingia bandari ya Bari katika Italia na watu kiasi cha 20,000 juu yake, wengine wakining'inia katika kamba na milingoti. Waliopata kazi ugenini wakalima mashamba ya Wagiriki, wakajenga nyumba za Waitalia, wakasafisha majumba ya watu, na wakapeleka fedha kwao. Hizo ndizo zilizokuwa akiba za Albania, nazo ni fedha za jasho.

Wenye kuzipokea walikuwa na haja ya pahala pa kuziweka. Mabenki ya serkali yalikuwa dhaifu, yana madeni mabaya mengi, na mfanya biashara hakuweza kupata mkopo kwa wepesi. Hapo ndipo yalipozuka makampuni ya watu binafsi yaliyopokea amana za raia na kuahidi faida kila mwezi. Yalikuwako Sude, na Xhaferri, na Populli, na Gjallica, na VEFA, na mengineyo. Mwanzo wa mwaka 1996 faida iliyoahidiwa ilikuwa kama 4 au 5 kwa mia kila mwezi. Kisha kila kampuni ikataka kuishinda nyengine, hata mwezi wa Septemba Populli ikaahidi zaidi ya 30 kwa mia kwa mwezi; na Novemba Xhaferri ikaahidi kurudisha mali mara tatu kwa muda wa miezi mitatu, na Sude kurudisha mara mbili kwa miezi miwili. Xhaferri na Populli peke yao walikusanya watu karibu ya milioni 2, katika nchi ambayo watu wake wote hawakuzidi milioni 3 na nusu. Watu wakauza nyumba zao na kukodi vyumba. Wakulima wakashusha mifugo yao Tirana kuichinjisha, wapate fedha za kupeleka kwa makampuni. Jumla ya madai ya watu juu ya makampuni hayo ikafika karibu ya dola milioni 1,200, nayo ni karibu ya nusu ya pato la nchi nzima kwa mwaka.

Na siri ya kazi hiyo si ngumu kuifahamu. Baadhi ya makampuni, kama VEFA, yalikuwa na maduka na biashara za kweli, lakini faida yake haikufikia hata kidogo deni walilolichukua. Mengine, kama Sude, hayakuwa na biashara yoyote. Aliyekuja leo alilipwa kwa fedha za atakayekuja kesho. Madhali watu wanazidi kuingia, kila mmoja huona ahadi imetimia, na huenda kumwita nduguye; siku wanapopungua wenye kuingia, chombo huzama mara moja, na waliopanda mwisho ndio wa kwanza kughariki. Sude ilishindwa kulipa Novemba 1996, na Januari 1997 ikafilisika, na nyengine zikafuata. Watu wakatoka mabarabarani. Mwezi wa Machi ghala za silaha zikavunjwa, na bunduki kwa malaki zikaingia mikononi mwa raia. Dola ikaanguka katika miji ya kusini, na majeshi ya mataifa yenye kuongozwa na Italia yakaingia nchini Aprili. Kiasi cha watu 2,000 walikufa katika fitina hiyo. Mwezi wa Julai rais Sali Berisha akajiuzulu.

Basi hapa ndipo mas-ala ile inaporudi: ni nani mwenye lawama?

Wa kwanza ni mwenye kampuni, na juu yake hapana khitilafu. Ameahidi asichokuwa nacho, na amekula mali za watu kwa batili. Hakuna haja ya kumrefushia maneno.

Wa pili ni mchunga. Shirika la Fedha la Dunia na Benki ya Dunia walionya katika mwaka 1996, lakini serkali ilichelewa. Zaidi ya hayo, baadhi ya wakubwa walihudhuria sherehe za makampuni hayo, na baadhi ya makampuni yakakisaidia chama chenye kutawala katika uchaguzi wa mwaka huo. Mkulima aliyemwona waziri amesimama pamoja na mwenye kampuni, je, angedhani nini? Hahesabiwi mtu aliyenyamaza kuwa amesema. Lakini mlinzi anyamazapo pahala ambapo kazi yake ni kupiga ukelele, kunyamaza kwake ni ushahidi kwa mwizi. Na kazi ya hisba katika Uislamu haikuwekwa illa kwa jambo hili: awepo mtu sokoni mwenye kutazama mizani na vipimo kabla watu hawajadhulumiana, wala asingoje mpaka damu imwagike.

Wa tatu ni huyo aliyetoa mali yake. Wako wasemao: "Huyu hana lawama, kwani alikuwa jahili, miaka 45 hakuliona soko." Katika neno hili iko haki, wala haifai kumcheka masikini aliyeliwa. Lakini si haki yote. Mkulima aliyeuza ng'ombe wake alijua vyema yakuwa ng'ombe huchukua mimba miezi tisa, na huzaa ndama mmoja. Vipi aliamini yakuwa fedha, isiyo na tumbo wala maziwa, itazaa mara tatu kwa miezi mitatu? Elimu hiyo haikuwa ya sokoni, hata iwe aliikosa. Alikuwa nayo zizini mwake. Kilichoizima ni tamaa, na kuwaona majirani wamelipwa. Kwa hivyo mtu huyu yuko katika hali mbili kwa wakati mmoja: kwa rasilmali yake ni mdhulumiwa, na ana haki ya kuidai mpaka peni ya mwisho, kwa nyongeza aliyoahidiwa hana haki yoyote, wala hakudhulumiwa hata akiikosa. Na hii ndiyo hukumu ya Kurani katika Suratul Baqara kwa mwenye kutubu katika riba: hupewa rasilmali yake, asidhulumu wala asidhulumiwe.

Wa nne ndiye asiyetajwa na watu, naye ndiye aliye katika khatari kubwa kuliko anavyodhani: ni yule aliyeingia mapema, akavuna, akatoka. Huyu hujiona mwerevu, na wengine humhusudu. Lakini faida yake ilitoka wapi? Kampuni haikulima wala haikusafirisha. Kila dola aliyozidishiwa ilikuwa ya mtu mwengine, pengine ya mjane aliyeuza chumba chake. Na mafaqihi wa madhehebu ya Imam Shafi, kama ilivyo katika Minhaj ya Imam Nawawi, wameeleza katika mlango wa ghasbu yakuwa kila mkono unaopokea kitu kutoka katika mkono wa mwenye kunyang'anya ni mkono wenye dhamana, hata kama mwenyewe hakujua. Kutojua humwondolea dhambi, hakumwondolei deni. Basi wako watu Albania waliojenga nyumba kwa fedha zile na wakalala ndani yake, na huku deni liko juu ya shingo zao, wala halina hati wala shahidi katika dunia hii.

Huenda mtu akasema: "Na upatu wa kwetu je, si kitu kile kile?" Hapana. Katika upatu wa watu kumi, kila mmoja hutoa sawa na mwenziwe na hupokea sawa na mwenziwe. Hapana nyongeza, na aliye wa mwisho hupata kama alivyopata wa kwanza. Ule ni msaada. Kinachoharibika ni pale jina la upatu, au jina la kupanda mbegu, linapotiwa juu ya kazi yenye kuahidi nyongeza kutoka mifukoni mwa wajao. Tanzania walikwisha kuyaona hayo kwa kampuni ya DECI, iliyofungwa mwaka 2009. Na Urusi waliyaona kwa MMM mwaka 1994, na Romania kwa Caritas ya mji wa Cluj kabla yake. Nchi ni mbali mbali, na njia ni moja.

Wenye kuandika juu ya nchi zilizotoka katika Ukomunisti husema sana juu ya rasilmali, na viwanda, na barabara, na mabenki. Yote hayo ni ya haja, na Albania tangu hapo imejenga mengi, na uchumi wake umekua. Lakini khabari hii yaonyesha yakuwa liko jambo lililo kabla ya hayo, nalo ni amana. Fedha ya Albania mwaka 1996 haikuwa kidogo. Ilikuwa fedha ya vijana wenye nguvu, iliyochumwa kwa halali, na lau ingaliingia katika mashamba na karakana ingaliinua nchi. Ilipotea kwa sababu haikuwako kanuni ya kuilinda, wala mchunga wa kuisimamia, wala katika nyoyo mpaka wa kuizuia tamaa. Na amana ikivunjika mara moja, watu huamini kuwa maisha yako kwengine. Hesabu ya watu ya mwaka 1989 ilikuta Albania ina watu zaidi ya milioni 3 na laki moja. Hesabu ya mwaka 2023 ilikuta kama milioni 2 na laki nne. Sababu za kupungua ni nyingi, lakini kubwa katika hizo ni kuhama.

Na utawala unaomnyang'anya mtu mali yake yote, na soko linalomwacha anyang'anywe na yeyote, huonekana kuwa ni vitu viwili vya kupingana, lakini kwa mnyonge ni kimoja. Wa kwanza husema: hakuna chako. Wa pili husema: chote ni chako, mpaka atakapokuja aliye mjanja kuliko wewe. Sharia imekwenda katikati yao: imempa mtu milki yake, na imeweka juu ya milki hiyo mlinzi wa nje, ambaye ni hakimu na muhtasib, na mlinzi wa ndani, ambaye ni kumcha Mwenyiezi Mungu.

Basi anayeitwa leo katika faida isiyo na kazi, aulize neno moja tu: faida hii inatoka mkononi mwa nani? Akiwa hapati jawabu, jawabu ndiyo hiyo. Na aliyekwisha kupokea, na akajua mwenyewe ni nani, amrudishie yeye au warithi wake; na asiyemjua, awaulize wanavyuoni namna ya kujivua dhima yake, wala asiiache ikarithiwa na watoto wake.

Mwenyiezi Mungu awahifadhi Waislamu na mali ya haramu, na awape wachunga wenye kuogopa kuulizwa. Wallahu aalam.