Mguu Mwepesi

Hapa mtaani kwetu Kapsoya gari la haibridi, lenye injini ya petroli na mota ya umeme, si kioja tena. Gari kama Aqua kutoka Japani huweza kutoka getini kimyakimya, injini bado imezimwa. Ukiachia kanyagio la mafuta mapema kabla ya tuta, kisha ukagusa breki taratibu, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Ukikanyaga breki ghafla, sehemu kubwa ya nguvu hiyo ya mwendo inaishia kuwa joto tu kwenye breki za magurudumu. Ndiyo maana nasikitika kuona mtu aliyelipa pesa nyingi kwa gari hili akiendesha kwa pupa, huku EPRA, mdhibiti wa nishati, ikitutangazia bei za mafuta kila tarehe 14 ya mwezi. Na tafadhali, mkipakia mizigo, msizibe tundu la hewa karibu na kiti cha nyuma. Betri inapozwa hapo, na vumbi letu mnalijua, nalo huweza kuliziba.