AMRI MBILI KWA KIDOLE KIMOJA

Isaka, mzee asiyeona, aliisikia sauti ya Yakobo. Lakini alipoipapasa mikono alidhani ni Esau, akambariki asiye mwenyewe. Hila hiyo ya kale ingali hai.

Tangu Mei 1, 2019, laini za simu nchini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa. Utaratibu huo twausifu. Lakini wapo mawakala wasiomcha Mungu. Mama auzaye mchele Kyela, au mvuvi wa Matema kando ya Ziwa Nyasa, aweza kuambiwa, "Kidole hakikusomeka, weka tena." Kumbe mara ya pili husajiliwa laini nyingine kwa jina lake, ikauzwa kwa tapeli. Watu wakiibiwa, jina lionekanalo ni la yule asiye na hatia.

Ndugu wasomaji, wakala huyo avunja amri mbili kwa kidole kimoja: ya saba, kwa kusaidia wizi, na ya nane, kwa kumsingizia jirani.

Basi tufanyeje? Mkiambiwa kurudia kidole, ulizeni sababu. Namba ya siri asiambiwe mtu. Nanyi vijana, Jumapili hii baada ya Misa, kaeni na wazee wenu, mpige *106#, mtazame laini zilizosajiliwa kwa majina yao. Iliyo ngeni wakaifungishe upesi. Ujumbe wa matapeli upelekeni namba 15040.

Kulilinda jina la mzazi ni kumheshimu. Nayo ndiyo amri ya nne.