Kunyamaza na Kuficha: Funzo la Monita ya Mtumba

Je, mtu anaweza kudanganya bila kusema uongo? Swali hili sikulikuta kwanza darasani. Nililikuta katika mwaka wangu wa pili chuoni hapa Kampala, niliponunua monita ya mtumba ya inchi 19 kwa shilingi 120,000. Nilipofika dukani ilikuwa tayari inawaka, picha safi, rangi hazina doa. Nilimwuliza muuzaji kama ina tatizo lolote. Akanijibu kwa Kiganda, "Ssebo, si unaiona mwenyewe?" Nikalipa, nikaifunga kwa shuka, nikapanda bodaboda.

Jioni hiyo umeme ulikatika, nikasubiri hadi asubuhi. Nilipoiwasha, picha ilitokea kwa sekunde mbili, kisha giza. Taa ndogo ya kitufe iliendelea kuwaka kana kwamba hakuna kilichoharibika. Nilibadilisha waya, nikajaribu kompyuta ya mwenzangu, lakini hali ikawa ile ile. Nilipoizima na kuiwasha mara kumi au kumi na tano, ikakubali, na haikuzima tena siku nzima. Kesho yake mchezo ulianza upya.

Nilimpelekea fundi. Kabla ya kushika bisibisi aliiwasha, akangoja izime, kisha akamulika kioo kwa tochi. Picha ilikuwapo, hafifu kama maandishi ya penseli. Maana yake kioo kilikuwa kizima. Zilizokuwa zinazima ni taa zilizo nyuma yake. Alipoifungua alinionyesha kapasita tatu kwenye bodi ya umeme, vichwa vimevimba. Alinieleza kwamba kazi ya kapasita hizo ni kutuliza umeme. Zikichakaa, umeme unaofika kwenye taa hutetereka, na sehemu ya ulinzi huzizima. Zikipata joto hufanya kazi afadhali. Kwa hiyo monita yenye ugonjwa huu, ikiwashwa tangu alfajiri, mnunuzi wa saa nne huiona nzima.

Nilirudi dukani. Muuzaji hakugombana nami. Alisema tu, "Uliiona ikiwaka kwa macho yako." Ilikuwa kweli. Tena sina ushahidi kwamba aliujua ugonjwa ule. Huenda huwasha bidhaa zake zote kila asubuhi.

Fundi alitaka shilingi 30,000, nami sikuwa nazo. Muhula ulipokaribia kwisha nikaamua kuiuza. Dada mmoja wa mwaka wa kwanza aliahidi kuja kuitazama saa tatu. Niliamka saa kumi na mbili, nikaiwasha na kuizima mpaka ikakubali, nikaiacha ipate joto. Alipofika picha ilikuwa safi. Akauliza, "Kaka, haina shida?" Nikasikia mdomo wangu ukijibu, "Si unaiona mwenyewe?"

Hapa ndipo swali langu lilipo. Sikutamka neno hata moja la uongo. Je, nilimkosea?

Swali hili ni la kale. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Mroma Cicero aliandika kitabu kuhusu wajibu, na ndani yake akasimulia mabishano ya wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na Antipater wa Tarsus. Mtu anauza nyumba yenye kasoro anazozijua yeye peke yake, hata nyoka huonekana vyumbani. Je, lazima amwambie mnunuzi? Antipater anasema ndiyo. Kukaa kimya ni kama kukataa kumwonyesha njia aliyepotea, tena ni kubaya zaidi, kwa sababu unampoteza kwa makusudi. Diogenes anapinga. Hakuna aliyelazimishwa kununua, na ni mnadi gani atakayetangaza kwamba anauza nyumba mbovu? Kwake yeye, kunyamaza ni jambo moja na kuficha ni jambo jingine.

Cicero mwenyewe alimuunga mkono Antipater. Mimi nakubaliana naye, lakini nadhani tofauti aliyoitaja Diogenes ina maana, na ndiyo inayonihukumu. Muuzaji hana wajibu wa kusema kila kitu. Mkwaruzo ulio mbele ya kioo sihitaji kuutaja, maana mnunuzi ana macho. Bei ya duka la jirani pia anaweza kuiuliza. Kunyamaza kwa namna hiyo kunamwachia mnunuzi uwezo wake wa kuchunguza. Kuficha kunamnyang'anya uwezo huo. Yule dada alikuja kuchunguza, nami nilikuwa nimeuharibu uchunguzi wake saa tatu kabla hajabisha hodi. Macho aliyoambiwa ayaamini ndiyo niliyoyatumia kumdanganya.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Monita yangu haikujitembeza. Ilikaa mezani kimya ikang'aa, na ndiyo maana ilikuwa hatari.

Kuna hoja ya kupinga ambayo siwezi kuipuuza. Muuzaji wa mtumba naye hununua mzigo bila kuujaribu. Akitangaza kila ugonjwa, watoto wake watakula nini? Nami nilikuwa na ada ya kulipa. Hoja hii ina uzito, lakini inathibitisha tu kwamba ukweli una gharama. Haituelezi kwa nini gharama hiyo alipe mtu asiyejua kwamba ipo. Ile monita ilikuwa na deni la shilingi 30,000 ndani yake. Kulipitisha deni hilo kimyakimya hakulifuti; kunalihamishia kwa yule anayejua kidogo zaidi, na mara nyingi ndiye mwenye kidogo zaidi. Kitu kibovu pia kina bei yake halali, bei ya kitu kibovu, na mafundi hununua kila siku kwa bei hiyo.

Yule dada alikuwa ameanza kuhesabu noti nilipomwambia. Nilimweleza kila kitu, pamoja na kuamka kwangu saa kumi na mbili. Alinitazama, akarudisha pesa mkobani, akaondoka. Sikumlaumu. Baadaye nilikopa, fundi akabadilisha kapasita zote tatu, na mnunuzi mwingine akaichukua akijua kilichobadilishwa.

Tangu siku hiyo nina kipimo kimoja cha kutofautisha kunyamaza na kuficha. Kabla ya kuuza, au hata kabla ya kuwasilisha kazi kwa mhadhiri, najiuliza: je, mtu huyu angeniona nilivyokuwa nikiandaa jambo hili, ningeendelea kuliandaa hivyo hivyo? Kama ningetamani afike baadaye kidogo, basi nimeshaanza kumficha.