WAZO LA LEO: Ajira Ina Mwisho, Wito Hauna Kustaafu

Kazi ya maisha ya mtu huweza kuwa ajira, yaani kazi ya mkataba na mshahara. Huweza pia kuwa taaluma, yaani kazi inayodai mafunzo maalumu na maadili yake. Au huweza kuwa wito, yaani msukumo wa ndani unaomfanya mtu aitolee kazi umri wake wote. Huko Njombe, nchini Tanzania, wito huonekana kwa wapanda misindano, miti ya mbao inayohitaji takriban miaka 18 hadi 25 ili ikomae vizuri: mzee anayejaza udongo kwenye viriba, yaani vifuko vya plastiki vya kukuzia miche, hujua kwamba huenda mbao hizo zitapasuliwa na wajukuu wake, na bado huipalilia miti hiyo, huipogolea matawi na kuisafishia njia za kuzuia moto kila kiangazi.

Ajira, kwa upande wake, ina mwisho: mtumishi wa umma nchini humo kwa kawaida hustaafu kwa lazima atimizapo miaka 60. Lakini mwalimu mstaafu anayeendelea kuwaelekeza watoto wa jirani hesabu za kugawanya ameaga ajira tu, kwa kuwa taaluma bado anayo na wito haujamtoka. Kwa hiyo kijana anayechagua kazi asipime mshahara peke yake, bali ajiulize pia ni kazi gani ataifanya kwa moyo hata pale matunda yake yatakapovunwa na wengine.