Deni la Mwenye Kipaji

Miaka michache iliyopita kijana aliyekuwa mpiga kinanda wa kwaya yetu hapa Mwanza alikuja nyumbani kwangu jioni akaniambia, "Mwalimu, naomba kupumzika." Nilidhani anaumwa. Kumbe alitaka kuacha kabisa. Nilikuwa nimemfundisha nota tangu akiwa darasa la tano, na katika miaka yangu yote ya kukalia kiti kile sijapata kuona mkono mwepesi kama wake. Nilimjibu kwa hasira. Nilimwambia kipaji si mali yake, kwamba kuacha kupiga ni wizi, nikamtajia na yule mtumwa aliyefukia talanta ardhini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema asante, akaondoka. Hajarudi kukaa kwenye kinanda chetu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: je, mwenye kipaji ana deni? Na kama analo, nani mwenye haki ya kulidai?

Huku Usukumani jibu la haraka lipo. Kila mwaka baada ya mavuno Bagalu na Bagika hushindana kwa ngoma, na upande uliovuta watu wengi ndio ulioshinda. Ukienda Bujora wakati wa Bulabo, mwezi wa sita, utaona umati ukihama kutoka upande huu kwenda ule kama maji kwenye beseni. Manju asiye na watu ameshindwa, hata awe na sauti ya namna gani. Mimi nimekulia katika fikra hiyo, na kanisa likaiongezea nguvu. Sikuwahi kudhani kwamba kuna mtu anaweza kuwa mwanamuziki hasa halafu akanyamaza.

Basi mjukuu wangu akanifungulia katika simu yake piano ya mtawa mmoja wa Ethiopia, Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou. Mkono wa kulia ulikimbia, ukasita, ukakimbia tena, mithili ya mawimbi madogo ya asubuhi pale Kamanga. Nilitaka kujua huyu ni nani, nikatafuta habari zake.

Alizaliwa Addis Ababa mwaka 1923 katika nyumba ya watu wakubwa, akapelekwa shule Uswisi akiwa na umri wa miaka sita, na huko akajifunza fidla. Waitalia walipoivamia nchi yake, familia yao ilikamatwa, na mwaka 1937 wakapelekwa uhamishoni katika kisiwa cha Asinara. Baada ya vita alisoma Cairo kwa mwalimu wa Kipolandi, Alexander Kontorowicz, akifanya mazoezi ya fidla na piano kwa saa tisa kila siku. Saa tisa! Sisi tunalalamika mazoezi ya kwaya yakizidi saa mbili. Kisha akapata nafasi ya kwenda kusoma London katika chuo cha kifalme cha muziki. Ruhusa ya kuondoka ikakataliwa.

Aliacha kula kwa siku nyingi, akadhoofu hata akaomba Komunyo kama mtu anayejiandaa kufa. Aliponyanyuka hakutaka tena jukwaa. Akaenda monasteri ya Gishen Mariam, juu ya mlima, akaishi huko kiasi cha miaka kumi, pekupeku, bila piano.

Hapo ndipo niliposimama kwa muda mrefu. Kwa hukumu niliyompa kijana wangu, mama huyu naye alikuwa mwizi. Miaka kumi ya vidole vile! Lakini nikijaribu kumtamkia neno hilo, ulimi unakataa. Maana aliyemwibia ni nani? Watu wa London ambao hawakujua kama yupo? Mungu, ambaye ndiye aliyemwendea kule mlimani? Labda walioibiwa ni sisi tunaomsikiliza leo, lakini sisi tulimpa nini hata tumdai?

Tena nikaona jambo lililoniumiza zaidi. Nilikuwa namlaumu sana yule aliyemnyima ruhusa. Nilisema moyoni, huyo aliua jambo kubwa. Lakini mtu anayesema "hutapiga" na mtu anayesema "utapiga upende usipende" wamekaa benchi moja. Wote wawili wameshachukua maisha ya mwenzao wakayapangia kazi. Na mimi, nikisema kweli, siku ile sikuwa nikimtetea Mungu. Pasaka ilikuwa wiki tatu mbele, na vidole vyangu vimekakamaa.

Hata hivyo siwezi kusema kwamba deni halipo kabisa, kwa kuwa habari za Emahoy haziishii mlimani. Alirudi mjini, akarudi kwenye piano. Baadaye huko Gondar aliwaona vijana wanaosomea nyimbo za kanisa wakilala nje, hawana pa kukaa. Hakuwa na fedha za kuwapa. Alikuwa na muziki. Sahani zake za kwanza zilitolewa Ujerumani katika miaka ya 1960, na mapato yakaelekezwa kwa wenye shida. Mwaka 1984 alihamia Yerusalemu, katika monasteri ya Waethiopia, akaishi katika chumba kidogo na piano yake. Dunia ilimjua zaidi mwaka 2006, diski ya muziki wake ilipotolewa Ufaransa, yeye ameshapita miaka 80. Alifariki tarehe 26 Machi 2023 akiwa na miaka 99.

Kwa hiyo alilipa. Lakini sioni mahali popote alipodaiwa na mtu. Aliona mwenyewe wale vijana chini ya ukuta.

Wapo watakaosema: je, asingepita Gondar? Swali hilo linanikosesha raha, na jibu sina.

Mwezi uliopita nilikwenda mwaloni Kirumba. Kijana wangu yupo pale, anauza dagaa, ana mke na mtoto wa pili. Aliniona kwanza yeye.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba. Hali za nyumbani?"

Alinipimia sado mbili, akaongeza konzi juu, akakataa kupokea fedha ya ile nyongeza. Nilikuwa nimekusudia kumwomba radhi. Nikamwuliza bei ya dagaa imepandaje wiki hii, naye akanieleza kwa kirefu, habari za mbalamwezi na za mafuta ya mashine, huku vidole vyake vikipekua dagaa haraka haraka, akitoa mchanga.